Sura ya Saba: Sikio la Shujaa

Jiwe la kwanza liligonga bati la ofisi saa nne na dakika kumi asubuhi. Inspekta Chekecha alitazama saa yake, akauandika muda huo pembeni ya daftari, kisha akaona aibu kidogo, maana namba nne ilitoka imepinda kama iliyoandikwa juu ya punda anayekimbia. Alikuwa anaogopa, na hakuona sababu ya kujidanganya.

Jina la Chekecha alipewa na wenzake kazini kwa sababu hakupokea maelezo ya mtu bila kuyachekecha mara tatu. Siku nyingine lilikuwa jina la utani. Leo lilikuwa mzigo, kwa kuwa ya kuchekecha yalikuwa mengi na muda ulikuwa kiduchu.

Nje ya geti la kituo cha kondoo cha ushirika walisimama watu wapatao themanini, mvua ikiwanyeshea, wala hakuna aliyeonekana kujali kulowa. Ndani alikuwepo yeye, Koplo wake, bunduki moja, na mwanamke aliyejifungia katika stoo ya dawa tangu alfajiri. Gari la polisi lilikuwa ng'ambo ya daraja likisubiri maji ya mto yapungue. Dereva alikuwa amesema kwenye redio kwamba huenda wakavuka saa sita, au saa saba, au Mungu atakapopenda.

Mwanamke wa stoo walimwita Mama Sindano. Kwa miaka kumi na miwili ndiye aliyewachoma chanjo kondoo wote wa ushirika. Mwaka huu majike vijana thelathini na mmoja, waliopelekwa kwa dume mara mbili, walikataa kushika mimba. Wengine hawakuonyesha hata dalili za joto la kutaka dume. Watu wakaanza kunong'ona kwamba sindano za mama yule zimefunga matumbo ya kondoo. Halafu siku tatu zilizopita bosi wake, Daktari wa mifugo, akakutwa anaelea ndani ya josho, ule mfereji wa dawa wanamoogeshwa kondoo ili kuua kupe. Kisogo chake kilikuwa kimepasuka. Minong'ono miwili ikaungana ikawa mmoja: mama kaharibu kondoo, Daktari kagundua, mama kamuua.

"Afande," Koplo alisema akichungulia dirishani, "lile geti lina bawaba mbili, na moja ni ya waya."

"Nimeiona."

"Nasema tu, ili tuwe tumeiona wote."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa bila hodi na Mwenyekiti wa ushirika akaingia. Funguo zote za kituo alikuwa nazo, ukiwemo wa geti. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kukuwekea mkono begani anapozungumza. Maji yalikuwa yanamchuruzika usoni na shati limemganda mwilini, ilhali koti lake zito, lile ambalo wanachama walimvisha siku walipomchagua, alikuwa amelikunja mkononi, bitana ikiwa nje.

"Inspekta, wale watu nimewatuliza mpaka sauti imekauka," alisema. "Nipe huyo mama. Nitampitisha mlango wa nyuma, nimfiche kwa ndugu zangu. Mimi watanisikiliza."

Alipomwinamia, Inspekta alisikia harufu ya mafuta ya taa. Alimtazama mikono, akatazama miguuni pake, akatazama hata nyuma ya mlango. Hakukuwa na dumu wala chupa.

"Atabaki hapa hapa," alisema.

"Watachoma hii nyumba na nyinyi mkiwemo."

"Na nyinyi wenye nyumba mtakuwa mmechoma nyumba yenu. Kaa kidogo, Mwenyekiti. Siku ile Daktari anakufa ulikuwa wapi?"

Mwenyekiti alitabasamu kwa huzuni. "Nilishamwambia Koplo. Nilikuwa safarini, nilirudi mchana, nikakuta kilio. Banda la Shujaa, hapo jirani na josho, sijalikanyaga tangu tulipompaka ile rangi ya njano. Ni zaidi ya mwezi."

"Shujaa ndiye dume lenu?"

"Dume gani! Nilimfuata mwenyewe, safari ya siku tatu kwa lori. Tulipeleka majike ishirini, wale bora kabisa, tukabadilishana naye. Hata tone la damu ya hapa hana." Alisema hivyo kwa fahari, na Inspekta akaandika neno kwa neno, kwa mazoea tu. Kisha Mwenyekiti akatoka tena kwenda kuwatuliza watu, kama alivyodai.

Stoo ya dawa ilikuwa mwisho wa korido. Inspekta aligonga, akajitambulisha. Ndani kukasikika purukushani, mlango ukainuliwa, komeo la juu likalia, la chini likalia, na uso wa Mama Sindano ukatokea kwenye upenyo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, kanga kiunoni, gwanda la kazi juu. Vidole vyake vyote kumi vilikuwa na rangi ya bluu hadi kwenye kucha.

"Ingia haraka, mwanangu," alisema, halafu akaushika mlango kwa mikono miwili. "Huu mlango umeshuka. Usipounyanyua, komeo la juu haliingii, na bila hilo la juu mtu anausukuma kwa bega moja tu."

Aliunyanyua, akalisukuma komeo, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Hiyo rangi ya vidoleni ni ya nini?"

"Ndiyo hiyo wanayosema ni ushahidi! Ni rangi ya dume, mwanangu. Dume hupakwa rangi kifuani, rangi na mafuta. Akimpanda jike, jike anabaki na alama kiunoni, nasi tunaandika tarehe. Kila siku kumi na saba tunabadilisha, ili tujue nani karudia na nani kashika. Tulianza na njano, ikaja nyekundu. Hii bluu tulimpaka Shujaa asubuhi ile ile, saa kumi na mbili na nusu, mimi na Daktari. Nimeisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga. Haitoki."

"Baada ya hapo?"

"Saa moja nilikwenda mabanda ya juu kuchanja. Daktari alibaki bandani, alisema anataka kumtazama Shujaa vizuri, peke yake. Saa tatu nikasikia mayowe." Alijifuta macho kwa mkono wa gwanda. "Mimi nimuue Daktari? Aliyenifundisha hata kushika sindano?"

"Wanasema alikuwa anakuchunguza, kwamba chanjo yako ndiyo iliyofunga majike."

"Alichunguza kila kitu! Alianza na majani. Kuna magugu huko bondeni, kondoo wakiyala sana wanakosa mimba. Akahamisha majike kumi kwenda malisho mengine miezi mitatu. Wapi! Akapima maji, akapima chumvi ya kulamba. Mwisho akamchinja jike mmoja tasa, akampasua mbele yangu. Mwanangu, ovari zake zilikuwa nyembamba kama uzi. Yai hata moja hamna. Akaniambia, 'Mama, huyu hakufungwa na mtu. Huyu alizaliwa hivi.' Akatuma damu maabara."

Jiwe jingine liligonga ukuta wa stoo, karibu kabisa, na chupa za dawa zikalia kwenye rafu. Mama Sindano akajikunyata. Sauti ya mwanamume ikapasua mvua kutoka getini: "Mtoeni huyo! Mtoeni au tunaingia!"

"Huyo ni shemeji yangu," mama alinong'ona. "Mdogo wa marehemu mume wangu. Wanamwita Kinyozi, ndiye anayewanyoa kondoo manyoya. Majike wake sita ni tasa. Yeye ndiye anayetaka kuniua kuliko wote."

Inspekta alirudi ofisini akiwa amekumbatia daftari tatu za uzazi alizozikuta kwenye rafu ya Daktari. Alizitandaza mezani, akachomoa penseli nyekundu. Koplo alisimama dirishani akihesabu watu kwa sauti ya chini; walikuwa wamefika tisini na kitu.

Alianza na sindano. Kila aliyechanjwa alikuwa na alama ya vema. Alipofika ukurasa wa kondoo wa Kinyozi, hakukuta vema hata moja, si mwaka huu, si mwaka jana, si mwaka juzi. Pembeni Daktari alikuwa ameandika: *Mwenyewe amekataa, anasema chanjo inaharibu manyoya.* Na chini yake waliorodheshwa majike sita, wote tasa.

"Koplo, yule anayepiga kelele kuliko wote, kondoo wake hawajawahi kuchomwa sindano."

"Sasa kelele za nini?"

"Labda kasahau. Mtu akiwa na hasira huwa hasomi daftari."

Kwa hiyo haikuwa sindano. Akawaandika wale thelathini na mmoja kwenye karatasi moja na kutafuta kinachowaunganisha. Umri haukulingana na wenye mali walikuwa tofauti, lakini baba alikuwa mmoja. Wote walikuwa mabinti wa Shujaa. Akadhani amemaliza kazi, kumbe bado. Shujaa alikuwa na mabinti wengine tele, na wengi wao walizaa mapacha, wengine watatu kwa mpigo. Dume yule yule, sindano zile zile, majani yale yale. Akageukia safu ya mama.

Hapo penseli ilisimama. Kila tasa alikuwa na mama mzaa mapacha, binti wa dume la zamani waliyemwita Mkongwe, aliyekufa miaka mitano nyuma. Mabinti wa Shujaa waliotokana na mama wenye uzao wa kawaida, ishirini na wanne, walizaa wote bila kasoro. Waliotokana na mama wazaa mapacha walikuwa sitini, na nusu yao hivi hawakuzaa kamwe. Na palikuwa na maelekezo ya kamati, yamegongwa mhuri: *Majike wazaa mapacha wapelekwe kwa Shujaa kwanza. Mabinti wao wasiuzwe, wabakishwe kwa mbegu.* Walikuwa wamewapa majike bora dume bora, mwaka baada ya mwaka.

Kwenye droo ya Daktari palikuwa na risiti ya maabara yenye namba ya simu. Inspekta aliipiga mara nne kabla haijapokelewa. Aliyepokea alikuwa Mtaalamu wa vinasaba, mama mwenye sauti nzito, na alikuwa anatafuna kitu.

"Daktari wenu nimempigia tangu juzi hapokei! Majibu yake ni ya kushangaza."

"Daktari amefariki. Ameuawa. Naomba unieleze mimi, mama, na unieleze kama unamweleza asiyejua kitu, maana sijui kitu."

Kutafuna kulikoma. "Inna lillahi. Haya, sikiliza. Kuna jeni moja inayoongoza ovari za kondoo. Kwenye kondoo wenu ina kosa dogo, limebadilika mahali pamoja tu. Jike ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Akiwa na nakala moja yenye kosa na moja nzima, anaachia mayai mengi kuliko kawaida. Ndiyo mapacha hao mnaoshangilia."

"Na zikiwa zote mbili zina kosa?"

"Ovari hazikui. Anakuwa tasa maisha yake yote, hakuna dawa."

"Na dume?"

"Dume ana nakala moja tu, ile aliyopewa na mama yake, na haimdhuru. Anapanda, anazalisha, anatembea kifua mbele. Lakini kila binti yake anairithi, kila mmoja. Sasa dume mwenye kosa akipelekwa kwa jike mwenye kosa, nusu ya mabinti wanapata pande zote mbili."

"Daktari alituma damu za nani?"

"Tatu. Ya Mkongwe, aliyokuwa ameigandisha zamani, ya jike tasa, na ya dume anaitwa Shujaa. Wote wana kosa lile lile, mahali pale pale."

"Shujaa ametoka mbali sana, safari ya siku tatu. Anaweza kuwa na kosa hilo hilo kwa bahati tu?"

Mtaalamu alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mwanangu, kosa hili hatujaliona kwenye kundi jingine lolote tulilopima, na tumepima mengi. Mimi ningeanza kwa kumuuliza huyo dume mama yake ni nani."

Inspekta alishusha simu. Kama Shujaa hakutoka mbali, basi kuna mtu aliyedanganya ushirika mzima, na huenda Daktari aliligundua jambo hilo asubuhi aliyokufa, alipobaki peke yake na Shujaa. Na mtu huyo alikuwa na funguo za milango yote ya kituo hiki, na nusu saa iliyopita alikuwa anaomba akabidhiwe Mama Sindano ampitishe mlango wa nyuma.

"Koplo, ufunguo wa banda la Shujaa uko wapi?"

Koplo alivuta kamba shingoni. "Nilifunga kufuli langu mwenyewe siku ile ile, wakati maiti ilikuwa bado haijatolewa kwenye josho. Hakuna aliyeingia tangu hapo ila mimi, nikimpa majani."

Waliukimbilia uwanja wa nyuma huku wameinamisha vichwa. Watu wa getini waliwaona, na zomea zomea ikapanda. Banda lilikuwa na giza na lilinuka mafuta ya manyoya. Shujaa alisimama kwenye kona, mkubwa kuliko alivyotegemea Inspekta, kifua chote bluu, na alikuwa anamtazama kwa yale macho ya njano yenye mboni ya kulala. Inspekta aliwahi kukabiliana na majambazi wawili kwenye uchochoro, lakini mbele ya kondoo huyu alibana mgongo ukutani.

"Mshike wewe. Nataka masikio."

Sikio la kushoto lilikuwa zima. La kulia lilikuwa fupi kwa vidole viwili, ncha haipo.

"Kwenye daftari wameandika aling'atwa na mbwa njiani," Inspekta alisema.

Koplo, aliyekulia katikati ya mbuzi na kondoo, alipitisha kidole kwenye kovu. Lilikuwa limenyooka toka upande hadi upande. "Afande, mbwa anachana. Huyu mbwa alitumia rula."

Ukutani, kwenye msumari, lilining'inia koleo la kukatia masikio, na juu yake ubao wa maelekezo uliokaribia kufutika. Inspekta aliusoma mara mbili. *Kila mwanakondoo anayezaliwa kituoni akatwe pengo moja, ncha ya sikio la kulia, kabla ya siku ya tatu.* Kwa hiyo pengo lilikuwepo. Mtu alikata sikio zaidi ili kuliondoa. Shujaa alizaliwa hapa hapa, na mama yake alikuwa mmoja wa wale wazaa mapacha. Wale majike ishirini bora hawakubadilishwa na chochote. Walikwenda kusikojulikana, na aliyewapeleka alirudi na mtoto wa nyumbani akimwita mgeni.

Hiyo ilikuwa sababu ya kuua. Ushahidi wa nani aliua ulikuwa bado. Inspekta alipogeuka kutoka, Shujaa alijitikisa, kifua chake kikamgusa kwenye paja. Alitazama suruali yake. Alama ya bluu, pana, imekaa. Aliisugua kwa kiganja, ikatanuka tu. Akakumbuka vidole vya Mama Sindano. Akakumbuka mtu mmoja aliyelowa chapachapa huku amelikunja koti mkononi, na ile harufu.

"Koplo," alisema polepole, "mtu akitaka kutoa rangi ya mafuta kwenye nguo, anatumia nini?"

"Mama yangu alikuwa anatumia mafuta ya taa."

Waliporudi ofisini Mwenyekiti alikuwa ameshaketi, ufunguo wa geti umelala mezani mbele yake. Koti lilikuwa mapajani. Inspekta hakuketi. Alimwambia Koplo aende dirishani amwite Kinyozi, aingie peke yake, kwa kupanda ukuta, geti lisifunguliwe.

"Utamleta humu?" Mwenyekiti aliuliza. "Yule atamuua mama wa watu."

"Tutaona."

Kinyozi alikuja akiwa na matope hadi magotini, mkasi wa kunyolea umechomekwa mkandani. Koplo aliuchukua kwanza. Inspekta alimwekea ukurasa wake wa daftari puani.

"Majike wako walichanjwa lini?"

Kinyozi alisoma, midomo ikicheza. "Mimi... mimi nilikataa chanjo."

"Na ni tasa."

"Labda wameambukizwa na wa majirani."

"Huu ni ugonjwa wa kurithi, hauambukizwi; maabara wameniambia kwa simu. Wamezaliwa nao. Baba yao anao na mama zao wanao. Shujaa ni mtoto wa kituo hiki, Kinyozi. Ncha ya sikio lake ilikatwa ili pengo lisionekane. Daktari alilijua hilo, na asubuhi ile alikuwa bandani analishika sikio hilo."

Kinyozi alimgeukia Mwenyekiti taratibu. "Si ulisema safari ya siku tatu? Na majike wetu ishirini?"

"Maneno ya simu hayo," Mwenyekiti alijibu bila kupandisha sauti. "Dada huyu wa polisi hajui hata kondoo ana miguu mingapi."

"Baridi yote hii, Mwenyekiti," Inspekta alisema, "mbona koti huvai?"

"Nasikia joto."

Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Wote watatu waliiona.

"Basi usilivae," alisema Kinyozi, "lakini kwanza nilione. Lile koti tulikuvisha sisi."

Mwenyekiti aliinuka ghafla na kunyakua ufunguo wa geti. Sasa upole ulikuwa umemtoka, na Inspekta alimuona kama Daktari alivyomuona mwisho. "Nikifungua pale nje wataingia wote," alisema. "Hawatauliza jeni wala sikio. Watataka mtu, na mtu wao ni yule mama. Chagua, Inspekta. Tunyamaze sote hapa, au nifungue."

Alijua kwamba mtu huyu anasema kweli, na kwamba bunduki ya Koplo isingezuia watu tisini. Kabla hajafanya lolote, Kinyozi aliruka mbele akalivuta koti kwa mikono yote miwili. Likakunjuka. Kifuani, juu ya nembo ya ushirika, palikuwa na doa la bluu lenye upana wa kifua cha dume, limefifia katikati pale liliposuguliwa, limekoza kingoni.

Kinyozi alilinusa. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamejaa machozi. "Hii rangi niliichanganya mimi na Daktari," alisema. "Jioni ya kuamkia siku aliyokufa. Pipa jipya. Kabla ya alfajiri ile haikuwa imemgusa dume yeyote duniani. Na baada ya hapo banda lilikuwa na kufuli la huyu Koplo."

"Mwezi mzima hukukanyaga bandani," Inspekta alisema. "Ndivyo ulivyoniambia."

Koplo alikuwa ameshaushika mkono wenye ufunguo, na pingu zikalia. "Alisema atawaambia siku ya mkutano," Mwenyekiti alisema mwishowe, kama anayelalamika. "Nilimwomba. Nilimpigia magoti hapo hapo mbele ya kondoo. Akasema watu wana haki ya kujua kwa nini majike wao hawazai."

Kinyozi alikuwa ameshatoka na koti. Inspekta alimwita, akamkimbilia hadi mlangoni, akachelewa. Alimwona amesimama juu ya ukuta kwenye mvua, koti amelitandaza kwa mikono miwili, akipaza sauti. Zomea zomea ilikatika. Kwa muda fulani ilisikika mvua peke yake juu ya mabati, na Inspekta akathubutu kupumua.

Kisha kelele zikaanza upya. Zilikuwa kubwa kuliko zote za asubuhi, na jina lililokuwa ndani yake lilikuwa jingine. Mawe matatu yalipiga dirisha la ofisi kwa pamoja. Getini, bawaba ya waya ilikatika.

"Stoo!" Inspekta alipiga kelele. "Mlango unaoshika ni ule mmoja tu!"

Walimburuta Mwenyekiti kwenye korido. Mama Sindano alifungua, akatazama pingu, akatazama uso wa mtu yule, akaelewa bila kuambiwa. Alitoka nje akasimama pembeni. Inspekta alimsukuma Mwenyekiti ndani, akamfungua pingu mkono mmoja ili ajifungie mwenyewe, kisha yeye na Koplo wakaupa mlango mgongo, bunduki ikielekezwa mwisho wa korido, ambako miguu mingi ilikuwa imeanza kusikika.

Nyuma yao komeo la chini liliingia. La juu likagonga chuma, likagonga tena, halikuingia. Walimsikia akilisukuma, akihema na kulia.

"Haliingii! Jamani, haliingii!"

Mama Sindano alikuwa amejikunyata ukutani, vidole vyake vya bluu mdomoni. Miguu ilikuwa inakaribia. Inspekta alimtazama, lakini hakuona ana haki gani ya kumwomba mama yule jambo lolote. Mama Sindano alifumba macho. Kisha akasogea mlangoni, akaweka kiganja juu ya mbao, pale pale alipokuwa ameviegemeza viganja vyake mwenyewe tangu alfajiri.

"Unyanyue mlango, Mwenyekiti," alisema. "Unyanyue kwanza, ndipo litaingia."